Uchambuzi wa kisa: Msaada wa Libya kwa Idi Amin, 1972 hadi 1979

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki nimekuwa nikikitumia kufundishia walimu wa Historia na Uraia wanaokuja Moshi kwa mafunzo ya muda mfupi wakati wa likizo. Viongozi wa nchi nimewataja kwa majina yao, kwa kuwa matendo yao ni mali ya historia na kila mtu ana haki ya kuyajadili. Mtu mmoja sikumtaja. Ni mzee wa miteremko ya Kilimanjaro aliyepigana Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda akiwa mgambo, aliyekubali kuja kuzungumza na walimu kwa sharti kwamba jina lake, kijiji chake na kikosi chake visiandikwe popote. Humu nitamwita Mzee, kama tulivyomwita darasani.

Swali tunalolichunguza ni hili: serikali inapompa mtawala rafiki silaha, fedha na hatimaye askari wake yenyewe, msaada huo unakaa wapi? Je, unaingia katika nchi, au unaishia mikononi mwa mtu mmoja? Walimu wengi huja na jibu la haraka, kwamba Gaddafi, kiongozi wa Libya, alimsaidia Amin kwa sababu ya dini na kwamba Amin alishindwa kwa sababu alikuwa nduli. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini mwanafunzi akiishia hapo hataelewa kwa nini vijana kutoka Tripoli walikuja kufia kwenye kinamasi kando ya Ziwa Viktoria.

Usuli

Jenerali Idi Amin alitwaa madaraka ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Mwalimu Nyerere alimpokea Obote Dar es Salaam na akakataa katakata kumtambua Amin. Huku Kaskazini athari ya uamuzi huo ilionekana kwa macho, kwa sababu makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikuwa Arusha: marais watatu waliopaswa kuiongoza hawakukaa tena pamoja, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika.

Mfadhili wa kwanza wa Amin katika mambo ya kijeshi hakuwa Libya. Waisraeli ndio waliokuwa wakilifundisha jeshi la Uganda tangu miaka ya Obote, na Amin mwenyewe alikuwa na uhusiano wa karibu nao. Alipotaka zaidi ya walichokuwa tayari kumpa, alitafuta mlango mwingine. Februari 1972 alikwenda Tripoli kuonana na Muammar Gaddafi, na mwezi uliofuata akawafukuza Waisraeli wote. Jambo hili nawaomba walimu walikumbuke hadi mwisho wa kisa, kwa sababu Gaddafi hakulikumbuka: rafiki aliyempata alikuwa ametoka tu kumgeuka rafiki aliyemtangulia.

Gaddafi alikuwa madarakani tangu Septemba 1969, alikuwa na fedha za mafuta, na alitaka kuing'oa Israeli katika Afrika. Uganda ilimpa ushindi wa wazi na wa mapema. Malipo yake yalikuja kwa sura mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maendeleo: ahadi za mikopo na miradi, pamoja na benki iliyoanzishwa Kampala kwa ushirikiano wa nchi hizo mbili kwa ajili ya biashara na maendeleo. Ya pili ilikuwa ya kijeshi, yaani mafunzo, silaha, na ahadi ya kusimama na Amin siku ya vita. Mwaka 1974 Uganda iliingia katika Jumuiya ya nchi za Kiislamu, ingawa Waislamu walikuwa wachache miongoni mwa wananchi wake.

Ahadi ile ya pili ilijaribiwa mapema. Tarehe 17 Septemba 1972 wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni walivuka mpaka kutoka Tanzania, wakashindwa. Gaddafi alituma ndege zenye askari wapatao 400 kumwokoa rafiki yake, na Sudan ikazilazimisha kutua Khartoum njiani. Oktoba mwaka huo mapatano ya Mogadishu yakatuliza hali kati ya Uganda na Tanzania. Amin alijifunza kutokana na tukio hilo kwamba akiita, Tripoli inaitika.

Wakati huo huo nchi aliyoitawala ilikuwa inanyauka. Kufukuzwa kwa Waasia kulikotangazwa Agosti 1972 kuliacha maduka na viwanda mikononi mwa wanajeshi wasiojua kuviendesha. Uhai wa Uganda ukabaki juu ya kahawa. Jalidi ilipoiharibu kahawa ya Brazil mwaka 1975 bei ilipanda dunia nzima, na wakulima wa Kilimanjaro wa umri wa Mzee bado wanaikumbuka misimu ile. Kwa upande wa Uganda fedha ile ilinunua utii wa jeshi: ndege zilikwenda Uingereza na kurudi na pombe kali na vitu vya anasa kwa ajili ya maofisa. Oktoba 1978 Bunge la Marekani lilipopiga marufuku kahawa ya Uganda, mfuko wa kununulia utii ule ulitoboka.

Mtiririko wa matukio

Mwishoni mwa mwezi huo huo, tarehe 30 Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliingia Kagera, nchini Tanzania, na muda mfupi baadaye akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera, lipatalo kilomita za mraba 1,800, ni la Uganda. Daraja la Kyaka lililipuliwa, watu wakauawa, ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alilihutubia taifa kwa maneno ambayo hata wajukuu wa Mzee wanayajua kwa moyo: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Mgambo waliitwa kutoka kila mkoa, na nguvu ya jeshi letu ikapanda hadi zaidi ya watu 100,000.

Januari 1979 Jeshi la Wananchi lilichukua Mutukula, na Februari likaingia Masaka. Hapo Libya ikaingia kwa miguu yake. Ndege zilishusha Entebbe askari, vifaru na mitambo ya kurushia makombora, hadi idadi ya Walibya ikakaribia 2,500. Baadhi walikuwa askari wa kawaida, lakini wengi walikuwa wanamgambo wa umma na vijana waliochukuliwa kutoka nchi nyingine za Afrika kwa ajili ya jeshi la Libya.

Mapambano makubwa yalitokea Lukaya, kwenye barabara ya Kampala, mahali ambapo njia inapita juu ya kinamasi kirefu cha mafunjo. Jioni ya tarehe 10 Machi Walibya, Waganda na Wapalestina wachache walishambulia wakiwa na vifaru na makombora. Brigedi yetu iliyokuwa mbele, yenye mgambo wengi ambao hawajawahi kusikia kishindo cha namna ile, ilitawanyika. Mzee alisema hivi mbele ya walimu, naye hakuficha: "Tulikimbia. Mimi nilikimbia mpaka nikaingia majini, mafunjo yamenifika kifuani, nikasimama humo usiku kucha nikisikiliza watu wakiitana kwa lugha nisiyoijua." Walibya hawakusonga mbele usiku ule. Alfajiri ya tarehe 11 brigedi nyingine iliyokuwa imezungushwa ikatokea nyuma yao, kwenye barabara ya kurudia Kampala. Waganda wengi walijiondoa mapema. Walibya walibaki, na walipohesabiwa waliokufa uwanjani walikuwa kiasi cha 400, takriban nusu yao wakiwa Walibya.

Baada ya mapigano Mzee aliwekwa kumlinda mateka mmoja. Nanukuu maelezo yake kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna kiini cha kisa. "Alikuwa kijana. Viatu vyake vilikuwa vipya kabisa, vile vya jeshi, na alikuwa amevivua kwa sababu visigino vilikuwa malengelenge matupu, vimechubuka mpaka nyama. Nikamwonyesha kwa vidole: una miaka mingapi? Akanyoosha mikono yote miwili, kisha tena vidole tisa. Tulikuwa na mwenzetu wa Tanga aliyesoma madrasa, akamuuliza kidogo kidogo. Akatuambia, huyu anasema waliambiwa wanakwenda Uganda mazoezini. Anauliza hapa ni wapi." Maelezo ya namna hiyo yalitolewa na mateka wengine pia katika vita ile, kwamba waliambiwa wanakwenda mafunzoni na hawakujua kwamba wanakwenda kupigana na Watanzania.

Wiki mbili baadaye, kuanzia tarehe 24 hadi 26 Machi, makundi zaidi ya 20 ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutana hapa Moshi, yakaunda umoja wa kuikomboa nchi yao na kumchagua Yusuf Lule, aliyewahi kuwa mkuu wa Makerere, kuwa mwenyekiti. Siku hizo hizo Libya ilimpa Mwalimu saa 24 za kuondoa majeshi yake Uganda. Mwalimu alilieleza taifa juu ya tishio hilo na hakurudisha nyuma askari hata mmoja. Ndege ya Libya aina ya Tu-22 ikatumwa kuipiga Mwanza, na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Tanzania ilijibu kwa kupiga maghala ya mafuta ndani ya Uganda. Entebbe ilitekwa tarehe 7 Aprili, ndege ya mizigo ya Libya ikapigwa roketi ikijaribu kuruka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwetu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa Gaddafi wa kutuma askari mwaka 1979 haueleweki bila ule wa 1972. Miaka saba alikuwa amemwambia Amin na dunia nzima kwamba hatamwacha. Kumwacha kungewaambia marafiki zake wengine barani kwamba neno lake halina uzito. Hivyo, kadiri Amin alivyodhoofika ndivyo gharama ya kumwacha ilivyoonekana kuwa kubwa, na Gaddafi akaongeza msaada wakati ambapo busara ingemtaka aupunguze. Urusi ya Kisovieti, ambayo nayo ilikuwa imempa Amin ndege na vifaru, haikujifunga namna hiyo, ikakaa kando.

Uamuzi wa kuwapeleka watu wasiojua wanakokwenda ulifuata kutoka hapo. Askari akiambiwa ukweli atauliza: adui ametukosea nini? Jibu la haki halikuwapo. Tanzania haikuwa imeigusa Libya, na aliyevuka mpaka wa mwenzake alikuwa Amin. Sipendi kulipita jambo hili kama suala la mbinu za kivita tu. Kumweka kijana wa miaka 19 mbele ya bunduki kwa uongo ni dhuluma, na dhuluma hiyo ilitendwa na serikali yake mwenyewe kabla risasi yetu haijamfikia.

Upande wa Tanzania, uamuzi ninaouona kuwa mzito kuliko wote ni wa barabara ya mashariki. Majeshi yetu yalipoikaribia Kampala, Mwalimu aliagiza njia ya kwenda Jinja iachwe wazi ili Walibya wapate pa kutokea. Kijeshi ilikuwa hasara, kwa sababu askari wa Amin nao waliitumia njia hiyo hiyo. Lakini Mwalimu hakutaka maelfu ya Walibya wanaswe na kuuawa ndani ya jiji, na vita ya kumtoa mvamizi igeuke kuwa uhasama wa kudumu kati ya Waafrika na Waarabu. Kila mara walimu hugawanyika hapa. Wapo wanaosema aliwanyima askari wake ushindi kamili, na Mzee ni mmoja wao. Mimi nasimama na Mwalimu, maana ukubwa wa ushindi usingepungua kwa adui kubaki hai.

Uamuzi wa mwisho ni wa kuitisha mkutano wa Moshi. Kutawala Uganda hakukuwa lengo, na Mwalimu alihitaji Waganda wa kuwakabidhi nchi kabla Kampala haijaanguka. Nitaurudia uamuzi huu chini.

Matokeo

Amin alikimbilia Libya, kisha Saudi Arabia, alikofariki mwaka 2003. Walibya waliokufa wanakadiriwa kuwa 600 au zaidi. Makumi ya waliotekwa waliachiwa baadaye. Mzee alipofika hapo aliwauliza walimu kama yule kijana alirudi kwao, na darasa likanyamaza.

Kwa Tanzania gharama inakadiriwa kufika dola milioni 500, katika mwaka ambao bei ya mafuta ilikuwa ikipanda tena. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mzee alirudi akakuta kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, kimeota magugu na mkewe akipanga foleni ya sukari na sabuni kwenye duka la ushirika. Miezi 18 iligeuka kuwa miaka.

Uchambuzi

Haitakuwa haki kusema kwamba msaada wa Libya ulishindwa tangu mwanzo. Kama silaha ya kidiplomasia ulifanikiwa haraka: Waisraeli walitoka Uganda, na mwaka uliofuata nchi nyingi za Afrika zikakata uhusiano na Israeli kwa sababu zao mbalimbali. Ulimsaidia Amin kujiona ana mgongo. Hata Lukaya, usiku ule wa kwanza, vifaru na makombora ya Libya vilifanya kile vilicholetwa kukifanya.

Kilichoshindikana ni kuugeuza msaada kuwa nguvu ya Uganda. Silaha zilikwenda kwa jeshi ambalo Amin alilipanga kwa woga wake mwenyewe: maofisa waliojua kazi walikuwa wameuawa au wametoroka, waliobaki walipandishwa kwa uaminifu wao kwake. Mfadhili hakuweza kuliona hilo, kwa sababu taarifa zote zilimfikia kupitia mdomo wa mtu yule yule anayeomba. Gaddafi aliambiwa kuna jeshi linalohitaji kuongezewa nguvu, naye akapeleka watu wake kusimama bega kwa bega na jeshi ambalo tayari lilikuwa linafungasha mali. Lukaya ndiyo picha yake: mwenye vita anaondoka, mgeni aliyekuja kusaidia anabaki kufa katika kinamasi ambacho hakijui jina lake.

Huwa nawataka walimu walinganishe silaha zile na benki ya Kampala. Benki ilikuwa na hati, wenye hisa, watumishi na wateja. Amin alipoondoka haikuondoka naye. Ilidumu, ikabadilishwa jina, ikaendelea kufanya kazi chini ya serikali zilizomfuata. Msikiti mkubwa wa kilima cha Old Kampala, ulioanza kujengwa wakati wa Amin kisha ujenzi wake ukakwama kwa miaka mingi, ulikuja kukamilishwa kwa fedha za Libya, nao unatumika hadi leo. Kilichowekwa katika chombo chenye maisha yake kilivuka utawala wa mtu. Vifaru viliungua pale pale barabarani. Mwalimu mmoja aliwahi kunipinga kwamba benki nayo ilianzishwa kumpendeza mtawala. Ni kweli, lakini sababu ya kuanzishwa kwa kitu na umiliki wa kitu ni mambo mawili, na katika misaada umiliki ndio unaoamua.

Kosa jingine ni ukosefu wa mpaka wa ahadi. Hakuna mahali Libya ilipoeleza ni kitendo gani cha Amin kingeuvunja urafiki. Kuua raia hakukuuvunja, kufukuza Waasia hakukuuvunja, na kuvamia nchi jirani, mwanachama wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kulijibiwa kwa ndege za askari. Aliyepokea alijua kwamba hata akiwasha moto nyumba ya jirani, mfadhili ataleta maji kwake kwanza.

Sasa narudi Moshi, kwa sababu hatuwezi kumpima Gaddafi kwa kipimo tunachokiogopa sisi wenyewe. Kuanzia 1971 Tanzania nayo ilimhifadhi na kumsaidia kiongozi mmoja wa Uganda, na Kikosi Maalum kilichopigana pamoja na jeshi letu kilikuwa cha Obote. Tofauti ni kubwa: Tanzania ilivamiwa, na askari wetu walijua wanakwenda wapi na kwa nini. Mkutano wa Moshi ulikuwa jitihada ya kweli ya kuuhamisha msaada wetu kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa chombo cha wengi. Hata hivyo chombo kile kiliundwa kwa siku tatu, bunduki zikiwa tayari zimegawanyika kwa makundi, na ulinzi wake ukiwa ni jeshi la nchi nyingine. Lule aliapishwa tarehe 13 Aprili na kuondolewa tarehe 20 Juni, siku 68 baadaye, na Waganda wengi waliona mkono wa Dar es Salaam katika kuondoka kwake. Godfrey Binaisa aliyemfuata naye hakumaliza mwaka mzima. Desemba 1980 ulifanyika uchaguzi uliomrudisha Obote Ikulu, na Februari 1981 Yoweri Museveni, mmoja wa wajumbe waliokaa Moshi, aliingia msituni kuupinga, huku askari wetu wa mwisho wakiwa bado hawajarudi nyumbani.